Shajara ya kuta za Sinza

Jumamosi, 8 Februari 2025

Tumeanza leo saa moja asubuhi, jua halijawa kali na fremu nyingi za maduka bado zimefungwa. Vifaa: kaunta buku moja, futi kamba, chaki, penseli na simu mbili. Niko na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha nne Novemba na sasa anasubiri kupangiwa shule. Yeye anapiga picha, mimi napima na kuandika.

Kazi yenyewe ni kuorodhesha kila ukuta wa Sinza, hapa Dar es Salaam, uliochorwa au kuandikwa kwa mkono, kabla masika hayajaanza. Mabango ya kuprinti hatuyagusi.

Naandika sababu, nisije nikaisahau nikishachoka. Desemba ukuta wa mama lishe mmoja karibu na Kijiweni ulipakwa rangi nyeupe. Kwa miaka tisa palikuwa na samaki pale, changu mwekundu amelala juu ya sahani, magamba yamechorwa moja moja, na kando yake ndimu iliyokatwa nusu. Nimekula pale mara nyingi mno. Ulipofutwa nilimuuliza mama ni nani alimchora yule samaki. Akafikiri, akasema, "Fundi mmoja hivi, alikuwa akipita na baiskeli." Basi. Miaka tisa tumemtazama samaki wake, na tulichobaki nacho ni baiskeli.

Kwa hiyo kaunta buku lina safu sita: mahali, kipimo, rangi, maandishi kama yalivyo (hatusahihishi tahajia ya mtu), mwenye ukuta, na fundi. Hiyo ya sita ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Leo kuta 14. Vinyozi vitano, saluni mbili, bucha moja, gereji mbili, shule za awali tatu, duka la vipuri moja. Ukuta mzuri kuliko yote ni wa kinyozi, vichwa sita vimepangwa mistari miwili na kila kimoja kina namba, ili mteja aseme tu "nipe namba 4." Namba 4 ni kiduku, mtindo uliovuma mjini miaka kumi na kitu iliyopita. Kijana anayenyoa pale alikuwa darasa la pili wakati huo. Anasema wateja bado wanaonyesha namba kwa kidole, ila namba 4 hakuna anayeitaka tena.

Safu ya fundi: kuta 3 tu kati ya 14.

Jumapili, 9 Februari

Tumesimamishwa mara mbili. Mara ya kwanza dada mwenye duka la nafaka alitoka na ufagio mkononi: "Mnapiga picha za nini? Mmetoka manispaa?" Ana haki ya kuuliza. Mtu akija na futi kamba na daftari Dar es Salaam, ama anatafuta ushuru wa bango, ama kesho utaona alama ya X nyekundu ukutani kwako. Waliokuwa na nyumba pembeni mwa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017 wanajua X ile maana yake nini.

Tumeacha kupima kwa leo. Tumekwenda kwanza kujitambulisha serikali ya mtaa, na mjumbe mmoja amekubali kutembea nasi Jumamosi zijazo anapopata nafasi. Tumekubaliana pia na mpwa wangu kwamba kuanzia sasa salamu inatangulia, kisha tunamwonyesha mwenye ukuta picha tulizokwisha kupiga kwa wenzake, na futi kamba inatoka mfukoni mwisho kabisa. Tulirudi kwa yule dada wa nafaka jioni tukafanya hivyo. Akatuonyesha mwenyewe ukuta wa uani ambao tusingeuona, jogoo mkubwa wa rangi ya mafuta, amechorwa na marehemu mumewe kwa ajili ya biashara ya kuku iliyokufa zamani. Safu ya fundi imejaa, kwa jina kamili, na dada alisimama kuhakikisha nimeliandika sawasawa.

Jumamosi, 15 Februari

Neno kuhusu mtaa wenyewe, maana unaeleza kwa nini kuta ziko hivi. Sinza haikuota yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja hapa, Kijitonyama na Mikocheni, ikaleta barabara na maji, watu wakajenga wenyewe kidogo kidogo. Nyumba za mwanzo zilikuwa na baraza mbele. Biashara ilipokua, mbele ya nyumba pakajengwa fremu, na Sinza ya leo ukiitazama kutoka barabarani ni fremu mwanzo mwisho. Fremu ina mpangaji, na mpangaji halipi kodi milele. Anayeingia anapaka rangi yake juu ya ya aliyetoka. Leo nimechungulia pembe ya fremu moja ambapo rangi imebanduka, ganda la ukubwa wa kiganja. Nimehesabu kwa ncha ya penseli: kijani juu, chini yake nyekundu, kisha buluu iliyokolea, krimu, nyeupe, na mwisho kabisa chokaa inayoshika vidole. Kwenye ile buluu kuna nusu ya herufi, labda B, labda P. Mpwa wangu alitaka kubandua zaidi aone. Nimemkatalia, ukuta si wetu.

Tumebishana leo, na nauandika ubishi huu kwa sababu umebadilisha mradi. Kwenye nyumba moja karibu na Makaburini pameandikwa kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa sentimita 30: NYUMBA HII HAIUZWI. EPUKA MATAPELI. Mimi nikapita. Mpwa wangu akasimama.

"Mjomba, huu hatuuandiki?"

"Huo si mchoro, ni onyo."

"Umeandikwa kwa mkono. Na aliyeuandika alikuwa na hasira, tazama brashi ilivyokandamizwa kwenye ile H."

Nikatazama. Ni kweli. Kwenye H na kwenye Z rangi imechuruzika, maana brashi ilikuwa imejaa na mkono haukungoja. Maandishi haya yako Dar nzima, na nyuma ya kila moja kuna familia: ndugu wanagombea mirathi, au mume anataka kuuza na mke hataki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mnunuzi anayetoka mbali haisomi sheria, anasoma ukuta. Nikakumbuka pia habari za Kibera, Nairobi, yule mchoraji anayejiita Solo 7, ambaye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowaka alizunguka na kopo la rangi akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na mabati. Hakuchora twiga wala machweo. Aliandika tu, na watu wa pale wanalijua jina lake mpaka leo.

Kwa hiyo tumeuandika. Safu ya fundi: mwenye nyumba, mkono wake mwenyewe, hakutaka kutaja jina. Pia tumeongeza safu ya saba, "maneno tu."

Jumamosi, 22 Februari

Ukuta namba 41. Ningeweza kuishia hapa.

Uko uchochoroni, nyuma ya fremu zinazotazama barabara, upande ambao siku hizi watu wanapita kwenda kutupa taka. Zamani mlango wa saluni ulikuwa huku, sasa umezibwa kwa tofali. Mwanamke amechorwa kuanzia mabegani, ameelekea kushoto, na nywele zimesukwa twende kilioni. Mchoro wote una mita 1.4 kwenda juu na 1.1 kwa upana. Rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji. Uso umepauka, lakini misuko bado imekaa. Nilisogeza jicho karibu kabisa: kila msuko ni mstari mmoja mweusi uliovutwa bila kuinua brashi, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na juu ya weusi huo kuna vialama vidogo vya kahawia, viwili viwili, vimeinama kama mshono wa ukili. Misuko tisa, na mkono haukutetereka hata mmoja. Kwenye ukingo wa sikio kuna hereni, doa moja la njano, na ndani ya njano kidoa cheupe.

Chini yake: SALUNI YA KISASA. RASTA, TWENDE KILIONI, MABUTU. KARIBUNI. Herufi zina kivuli chekundu, na kivuli kimeangukia kushoto. Mguu wa R umeshuka chini ya mstari kisha ukapinda juu.

Jina la fundi hakuna. Kuna namba ya simu, maana mafundi wetu wa mabango husaini kwa namba kuliko kwa jina, namba ndiyo inayoleta kazi. Inaanza na 0744. Tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na chumvi ya ukuta.

Mpwa wangu alidhani fundi amekosea, hajawahi kuona namba ya 0744. Nikamweleza kwamba zamani namba za Vodacom zilianza hivyo, kisha katikati ya miaka ya 2000 zikabadilishwa, 0744 ikawa 0754. Kwa hiyo ukuta huu, kwa jinsi ulivyopauka, huenda umechorwa kabla ya hapo. Yeye hajazaliwa.

Alipopiga hesabu aliona kwamba tarakimu mbili zinazokosekana ni namba mia moja tu, tunaweza kuzipigia zote. Nimesema hapana. Watu mia moja hawastahili kuamshwa na simu yetu. Tutamtafuta kwa mkono wake, kwa kivuli cha kushoto na mguu wa R.

Jumamosi, 1 Machi

Hatukupita mtaani. Tumekwenda Mikocheni, Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichoanza mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo. Studio zao ziko kwenye makontena na kuta zimechorwa karibu zote. Nilitaka mpwa wangu aone kuta kubwa zilizochorwa kwa rangi ya kupuliza, na watu wasioogopa kusema kazi hii ni yangu.

Dar ina kundi la Wachata, wakiwemo Mejah Mbuya na Kala Singa, waliochora grafiti kwa Kiswahili wakati wengi waliona grafiti ni kitu cha ng'ambo. Jina lao limetoka kwenye neno la mtaani, chata, yaani alama yako, saini yako. Njiani tukirudi neno hilo halikuniacha. Fundi wetu wa namba 41 naye aliweka chata, tena ya kufaa kuliko jina. Chumvi imemla tarakimu mbili, akapotea.

Hapa nina jambo linaloniuma. Kuta za wasanii wa kupuliza zinapigwa picha na zinaonyeshwa, na inafaa iwe hivyo. Lakini ukisema "sanaa ya mtaani" Dar, mtu anafikiria hizo tu. Fundi mabango, aliyechora ng'ombe wa bucha na herufi za gereji kwa miaka thelathini, hahesabiwi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za baiskeli na vipande vya hadibodi, akauza kazi zake pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, na leo jina lake ndilo jina la aina nzima ya uchoraji. Alibahatika kuwa na wanafunzi na jamaa walioliendeleza hadi likawa la ushirika wao, ulioandikishwa 1990. Rangi yake na rangi ya fundi wa Sinza zinakaa kwenye rafu moja dukani. Tofauti ni kwamba hadibodi hubebwa na mnunuzi, ukuta hubaki na mwenye nyumba.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeingia, mtaa umetulia asubuhi. Kuta 63 hadi sasa.

Leo tumebahatika kumkuta fundi kazini. Kijana wa miaka kama 26, amepiga magoti mbele ya bucha mpya njia ya Palestina, anachora ng'ombe. Tumekaa naye saa tatu nzima.

Alishapiga msasa jana na kupaka praima. Kwa mistari ya herufi anatumia uzi uliopakwa chaki ya buluu: mwenye bucha anashika ncha moja, yeye nyingine, wanauvuta ukaze, kisha anaufyatua kwa kidole katikati, pa, mstari umenyooka. Ng'ombe yuko kwenye simu yake, picha imegawanywa miraba, na ukutani amechora miraba hiyo hiyo kwa chaki, mraba mmoja sentimita 20. Anahamisha mraba kwa mraba. Hapo ni hesabu tu, anasema, mtoto wa darasa la tano anaweza.

Jicho hakulichora kwa miraba. Alikaa chini mchangani, akalitazama lile eneo tupu kwa muda, akachukua brashi ndogo. Kwanza duara jeusi. Akangoja. Kisha ukingo wa kahawia kwa upande wa juu tu, kama kope imefunika mwanga. Akapangusa brashi kwenye suruali, akaichovya kwenye nyeupe, akaweka kidoa kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele, juu kulia. Yule ng'ombe akatuona. Mwenye bucha, aliyekuwa ananoa visu akiwa ametupa mgongo, aligeuka wakati ule ule. Sijui alihisi nini. Fundi akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Sasa bucha imefunguliwa."

Bei yake ni shilingi 120,000 pamoja na rangi, siku mbili. Mwenye bucha alishauriwa aprinti bango, ni rahisi zaidi na anaondoka nalo siku hiyo hiyo. "Za kuprinti jua linazipausha, hata mwaka hazifiki," fundi alisema. "Lakini mteja ana haraka, na mimi siwezi kumlaumu, kodi ya fremu imeshaanza kuhesabu." Anapata kazi mbili kwa mwezi, nyingine anapaka nyumba.

Nilimwonyesha picha ya namba 41. Hakusoma maneno, alitazama vivuli.

"Huyu ni Mzee wa Kushoto."

Nikauliza kwa nini anaitwa hivyo. Kwa sababu anatumia mkono wa kushoto, na kivuli anakiweka upande ambao mkono wake haukifuti wakati rangi mbichi. Aliyemfundisha kijana huyu kazi alifundishwa na mzee huyo. Mzee alihama Sinza siku nyingi, yuko Chanika. Namba yake anayo.

Sikuiomba pale pale. Nimemwomba ampigie yeye kwanza, amuulize kama anapenda kutembelewa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya hasara. Kuta 4 mpya, na 2 za zamani zimekufa. Shule moja ya awali imefuta irabu zake (A ilikuwa ya ananasi, E embe) na kupaka rangi moja. Na ukuta namba 17, gereji yenye injini iliyochorwa imefunguliwa, kila bomba na rangi yake, umepakwa wote rangi ya kampuni moja ya simu. Mwenye gereji amelipwa kitu kidogo na nyumba imepata rangi mpya bila gharama, hawezi kukataa, na simlaumu. Lakini ile injini ilikuwa sahihi. Mafundi vijana walijifunzia pale, wanaonyeshwa kwa bisibisi: hii gasketi, hii piston. Tunayo picha tatu na vipimo. Fundi wake, mwenye gereji alimtaja kwa shida, jina moja tu.

Mawingu yamejaa upande wa baharini. Kuta zilizo jirani na Mto Ng'ombe inabidi zikamilike wiki hii, unyevu unapanda kutoka chini na chumvi inasukuma rangi ikitoka vipande vipande. Kule Kondoa watu walichora miamba ya Kolo zamani sana na michoro ipo bado, mwaka 2006 imeingia kwenye Urithi wa Dunia, kwa sababu walichagua mahali ambapo jiwe limejikunja juu kama paa na mvua haifiki. Sisi tunachora kwenye plasta iliyochanganywa na mchanga wenye chumvi, jua la saa nane linaipiga usoni.

Jumamosi, 22 Machi

Chanika. Daladala mbili, foleni ndefu Gongo la Mboto. Tumemkuta amekaa barazani kwenye mkeka, redio ndogo pembeni. Amefunga, kwa hiyo hatukutaka kumchosha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Ndio nyie mnaoandika kuta?"

Ana mtoto wa jicho, jicho la kulia ndilo lililozidiwa. Simu aliisogeza karibu na pua. Mpwa wangu akamkuzia picha kwa vidole, kwanza herufi, kisha uso.

"R hii yangu," alisema mara moja. Kisha akakaa na ule uso muda mrefu. "Na misuko hii, yangu. Lakini sura siikumbuki. Nani huyu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hadithi. Nilidhani atasema alikuwa mwenye saluni, au mtu aliyempenda. Hakumbuki. Inawezekana ilikuwa picha ya kalenda, anasema, wenye saluni walikuwa wakimpa kalenda au jalada la gazeti na kumwambia fanya hivi.

Anachokumbuka ni ukuta mwingine kabisa, na aliusimulia mpaka alasiri ikaadhiniwa. Klabu ya pombe Manzese, ukuta wa mita kumi, kikosi kizima cha timu ya mpira, watu kumi na mmoja, wengine wamesimama na wengine wamechuchumaa kama kwenye picha ya gazeti. Alichukua siku 19. Walevi walikuwa wakija kumsahihisha, fulani mguu wake si hivyo, fulani ana kovu. Kipa mwenyewe alipita siku moja akasimama mbele ya ukuta, akajitazama, akampa fundi noti na kuondoka bila kusema neno. Ukuta ule ulivunjwa Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Picha hakuna hata moja. "Nani alikuwa na kamera?" Alinyoosha mkono wa kushoto hewani akatuonyesha kila mmoja alisimama wapi, kuanzia kipa, na mpwa wangu akachora vijiduara kwenye kaunta buku kufuata kidole chake. Ukurasa wa mwisho wa kitabu tulikuwa tumeuacha wazi, sasa ni wa ukuta usiokuwepo. Tumeupa namba: 0.

Tukiaga aliuliza kama ule wa saluni bado umesimama, na kama kutoka kituoni ni mbali kwa miguu.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita. Usiku mvua imenyesha, asubuhi ikakatika. Mzee amekuja, ameletwa na yule fundi kijana wa bucha kwa bodaboda kutoka kituoni. Uchochoroni maji yametuama, tulipanga matofali apite.

Alianza kwa kuugusa ukuta kwa kiganja, chini, pale chumvi ilipofika. Unga mweupe ulimwagika juu ya viatu vyake. Kisha akapandisha mkono taratibu akifuata msuko mmoja, wa nne kutoka juu, mpaka kisogoni. Kijana wa bucha alikuwa nyuma yake, kimya. Halafu akasogea yeye, akahesabu vialama vya kahawia kwa kucha, akamuuliza mzee alitumia brashi namba ngapi. Mzee akamwambia hakutumia brashi ya duka, alikata nywele za mkia wa mbuzi akazifunga kwenye kijiti.

Nilimuuliza kama angependa kuurudishia rangi, gharama tungechangishana. Akatikisa kichwa. "Siurudii. Mwenye kazi ameshahama. Na mimi huyo simwoni vizuri, nitamharibu."

Mpangaji wa sasa, kijana anayeuza kava na chaja za simu, alitoka kuangalia ni nini kimekusanya watu nyuma ya duka lake. Amekaa pale miaka miwili na hajawahi kuzunguka kuuona ukuta huu. Akauliza kuandikiwa jina la duka mbele kunagharimu kiasi gani. Mzee akamsukumia mkononi kijana wa bucha, na wale wawili wakaondoka kwenda kupima.

Hapo ndipo alipoomba chaki. Akainama, akashika goti kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaandika zile tarakimu mbili zilizoliwa, 0744 ikawa kamili. Namba anayo mpaka leo, ila inaanza na 0754. Mpwa wangu akamuuliza kama airekebishe ile 4. Akasema iache, ndivyo ilivyokuwa siku ile.

Tumepiga picha 12. Safu ya sita ya namba 41 imejaa, jina kamili, na ameliandika mwenyewe kwenye kaunta buku kwa kalamu. R ina mguu ule ule.

Saa kumi mvua imerudi kwa nguvu. Tulipita tena jioni, chaki haipo.

Hesabu hadi leo: kuta 97, fundi anajulikana kwa kuta 38. Kumi na mbili kati ya hizo amezitambua mzee leo kwenye simu, alipokuwa anangoja bodaboda. Jumamosi ijayo, mvua ikikatika, ni Mori, upande wa gereji. Mjumbe amesema kuna kuta kama 15 hatujazifikia, na kijana wa bucha anataka kuja.